Somo la Madereva: Hita ya Gari Isiyotoa Joto

Dereva apitaye Timboroa usiku, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, huijua thamani ya hita. Kazi yake si kuwapasha watu joto tu; ndiyo iondoayo ukungu katika kioo cha mbele, na asiyeona njia huweza kuwapoteza abiria wake. Somo hili lahusu gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani yake, lakini lori na basi hufuata kanuni zile zile.

Hita hii haina moto wake yenyewe. Maji yaliyopata moto katika injini hupita katika mpira mmoja, huingia katika rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, kisha hurudi kwa mpira wa pili. Feni huipuliza hewa katika rejeta hiyo, nayo hutoka ina joto.

1. Kwanza maji yatazamwe, injini ikiwa imepoa kabisa. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe wakati wa moto, kwa maana maji yataruka na kumchoma mtu. Maji yakipungua, mara nyingi hita hupoa kabla injini haijadhurika. Basi hilo ni onyo: yajazwe, na mahali yanapovuja patafutwe.

2. Injini iwashwe mpaka ipate moto, na hita ifunguliwe kabisa. Kisha injini izimwe, na mipira miwili iguswe kwa uangalifu. Yote miwili ikiwa ya moto, kosa li katika feni au katika kilango kiongozacho hewa. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba au vali yake haifunguki. Yote ikiwa vuguvugu, ingawa maji yamejaa, huenda thamostati imekwama wazi, au hewa imenaswa ndani ya mipira.

3. Pengine hakuna kilichoharibika. Gari-nyumba ni chumba kikubwa, na hita hiyo yatosha mahali pa dereva tu. Pazia litundikwe nyuma ya viti vya mbele, na matundu yapitishayo upepo chini ya dashibodi yazibwe.

Neno la mwisho: jiko la makaa lisiingizwe garini kamwe. Hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, nayo huwaua watu usingizini. Heri blanketi mbili.