Kupima Dhana Shambani: Somo Kutokana na Gugu la Striga

Katika kaunti zinazopakana na Ziwa Victoria, mkulima wa mahindi huitambua striga kwa maua yake ya zambarau. Waluo huiita kayongo, na nchini Tanzania inajulikana kama kiduha. Maua hayo yanapoonekana, madhara huwa yameshatendeka. Gugu hilo hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi, mtama au wimbi, likanyonya maji na chakula kwa wiki kadhaa kabla ya kuchomoza juu ya udongo. Mmea mmoja huweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa kuushambulia.

Kwa kuwa hasara ni kubwa, ushauri haukosekani. Jirani mmoja husifu majivu, mwingine samadi, na siku ya soko huja muuzaji na chupa ya dawa ya kupulizia majani. Kila mmoja ana ushahidi wake: alitia, akavuna. Huenda anasema kweli tupu. Lakini jambo moja halijulikani: je, angevuna vilevile kama hangetia chochote?

Swali hilo ndilo kiini cha majaribio ya baiolojia ambayo wanafunzi hufundishwa shuleni, na mkulima analihitaji kuliko mwanafunzi, kwa kuwa mkulima analipa kwa pesa zake.

Jaribio huanza na nadharia tete, yaani jibu la muda kwa swali, lililosemwa kwa namna inayoweza kupimwa na hata kuonekana kuwa si kweli. Kusema "udongo umechoka" hakutoshi, maana hakuelezi kitakachoonekana. Kusema "mahindi yaliyotiwa samadi yatakuwa na striga chache kuliko mahindi ya aina ileile yasiyotiwa samadi" kunatosha, kwa sababu striga zinaweza kuhesabiwa. Anayedai kuwa shamba limerogwa hana cha kupimwa: mavuno yakiwa mabaya ni uchawi, yakiwa mazuri uchawi umeondolewa.

Mfano mzuri wa kazi hii ulifanyika hapa Kenya. Katika miaka ya 1990 watafiti wa kituo cha icipe, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted nchini Uingereza, walikuwa wakitafuta njia ya kuwazuia funza wanaotoboa mabua ya mahindi. Walipanda katikati ya mistari ya mahindi mimea ambayo harufu yake hufukuza nondo wanaotaga mayai ya funza hao. Mmoja wa mimea hiyo ni desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao pia ni lishe ya ng'ombe. Wakaona jambo ambalo hawakulitafuta: palipokuwa na desmodiamu, striga zilipungua sana.

Wengi wangeishia hapo na kutangaza kuwa dawa imepatikana. Watafiti hao waliuliza sababu, na sababu zilizowezekana zilikuwa zaidi ya moja. Pengine desmodiamu, inayotambaa na kufunika ardhi, ilikuwa ikiikinga striga na jua. Pengine ilikuwa ikiongeza naitrojeni kwenye udongo, kama mimea mingine ya jamii yake inavyofanya, na striga hustawi zaidi kwenye udongo uliokosa rutuba. Pengine mizizi yake ilikuwa ikitoa kemikali fulani. Hizo ni nadharia tete tatu, na shambani zote huonekana kwa sura moja: desmodiamu ipo, striga haipo. Kuongeza ekari za desmodiamu kusingezitenganisha hata kidogo.

Njia ni kutenganisha mambo hayo na kupima moja baada ya jingine. Kivuli kilijaribiwa bila desmodiamu, na mbolea ya naitrojeni ikajaribiwa bila desmodiamu. Vyote viwili vilisaidia kiasi, lakini havikufikia kazi iliyofanywa na mmea wenyewe. Kunde nazo zilijaribiwa kati ya mahindi. Kama siri ingekuwa ni kupanda tu mmea wa jamii ya kunde, zingefanya kazi sawa. Desmodiamu ilizishinda kwa mbali.

Jaribio lililofuata ndilo linalofaa kukumbukwa. Mahindi yalipandwa kwenye vyungu vilivyojazwa udongo wenye mbegu nyingi za striga. Vyungu vingine vilinyweshwa maji yaliyochujika kutoka kwenye vyungu vilivyoota desmodiamu. Vingine vilinyweshwa maji yaliyopitishwa kwenye vyungu visivyo na desmodiamu. Mahindi hayakufunikwa na jani la desmodiamu hata moja, kwa hiyo kivuli kilikuwa kimeondolewa katika hesabu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalikuwa wazi: kwenye maji ya desmodiamu striga karibu zote zilizuiliwa, na kwenye maji yale mengine zilijaa tele.

Uchunguzi wa maabara ulionyesha kinachotokea. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali inayoziamsha mbegu za striga zichipue, na nyingine inayozuia kiungo ambacho striga hukitumia kujishikiza kwenye mzizi. Mbegu huamka, hukosa pa kunyonya, na hufa. Ndiyo maana desmodiamu hupunguza pia akiba ya mbegu iliyofichika ardhini, jambo ambalo kung'oa kwa mkono hakuwezi kulifanya.

Vile vyungu vilivyonyweshwa maji yasiyo na desmodiamu ndivyo huitwa kundi la kulinganishia. Mara nyingi watu huliona kundi hilo kama upotevu: kwa nini kuacha mistari kadhaa bila dawa? Lakini bila mistari hiyo, mvua nzuri ya mwaka huu itapewa sifa za dawa, na ukame wa mwaka ujao utailaumu dawa bure. Kulinganisha na msimu uliopita hakutoshi, kwa kuwa misimu miwili haifanani.

Mkulima anayetaka kupima dawa au mbolea kabla ya kuinunua kwa shamba zima anaweza kutenga vipande 6 vya mita 5 kwa 5. Vitatu vitiwe, vitatu viachwe. Asichague mwenyewe, maana mkono huenda wenyewe kwenye udongo mzuri. Apige kura kwa vikaratasi. Sehemu iliyo karibu na boma, ambako samadi hutiririka, na ile ya kichuguu zisiingizwe kabisa. Mbegu iwe ya aina moja, siku ya kupanda iwe moja, nafasi na palizi ziwe sawa. Akibadilisha mbegu na mbolea kwa pamoja, hatajua kipi kilichofanya kazi. Kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote, na hata mashamba ya maonyesho hulifanya.

Kabla ya kupanda, nadharia tete iandikwe kwenye daftari pamoja na kitakachopimwa: idadi ya striga zilizochomoza kila wiki katika kila kipande, na uzito wa mahindi yaliyokaushwa. Ni vyema anayehesabu awe mtu asiyejua ni vipande gani vilivyotiwa dawa. Mtoto wa shule huifaa kazi hii. Kipande kimoja kati ya vitatu kikienda kinyume, kiandikwe hivyohivyo. Vikitofautiana sana vyenyewe kwa vyenyewe, jaribio lirudiwe kabla ya mtu kutoa pesa.

Jaribio la striga lifanywe tu kwenye shamba ambalo tayari lina gugu hilo. Mbegu zake zisibebwe kupelekwa shuleni wala shamba jingine, na jembe lisafishwe udongo kabla ya kuondoka. Striga zilizokwisha kuhesabiwa zing'olewe kabla ya kutoa maua na zichomwe.

Kwa anayetaka kuijaribu desmodiamu yenyewe, mbegu zake ni ndogo sana, hivyo huchanganywa na mchanga laini na kupandwa mvua zinapoanza, kati ya mistari ya mahindi. Msimu wa kwanza hukua polepole na huhitaji palizi ya makini isije ikang'olewa pamoja na magugu. Kwa sababu hiyo, vipande vya kulinganishia visiondolewe baada ya mavuno ya kwanza. Vihifadhiwe hadi msimu wa pili, wakati desmodiamu itakapokuwa imefunika ardhi, ndipo hesabu ilinganishwe.