Polisi na Mtu Aliyekamatwa

Watoto, mji wetu wa Likasi una watu wengi: wachimbaji wa shaba, wachuuzi, mafundi, walimu. Penye watu wengi pana ugomvi na wizi pia, na polisi wanatakiwa.

Zamani, mji huu ulipoitwa Jadotville, watu walimkimbia askari. Wakati wa Wabelgiji Force Publique ilikuwa jeshi na polisi pamoja, na fimbo ya ngozi ya kiboko ilitumika gerezani. Ilikomeshwa mwaka 1959. Jina la mji likabadilishwa mwaka 1966. Hofu haikuondoka upesi hivyo. Hata leo yuko mama amwambiaye mtoto anayelia, "Nyamaza, polisi anakuja!" Mama huyo hafanyi vema.

Tuseme kijana amekamatwa sokoni. Watu wanasema ameiba baiskeli. Wengine wanaokota mawe. Polisi afanye nini? Kwanza asimame kati ya kijana na mawe, maana kumlinda mtu huyo ni kazi yake pia. Kisha amwambie sababu ya kumkamata. Kwa lugha gani? Karatasi za sheria zimeandikwa kwa Kifaransa, na kijana anajua Kiswahili tu. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 18, inaagiza aelezwe kwa lugha anayoisikia. Polisi akisema Kifaransa, na kijana akaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa hofu, sheria haijafuatwa.

Akiwa buloko, ana haki ya kuwapasha jamaa zake habari mara moja. Mama yake akifika na sahani ya bukari, aitwe "mama", asifukuzwe. Askari amdaiye franka ili amwone mwanawe anauza kitu kisicho chake. Tena saa zinahesabiwa. Zikipita 48, kijana aachwe huru au apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria.

Je, kama kweli ameiba? Hilo polisi hakati. Ni kazi ya hakimu. Wengi hawapendi neno hili, wanataka mwizi apigwe papo hapo. Lakini baiskeli ikionekana kesho nyumbani kwa mtu mwingine, aliyepigwa mawe atarudishiwa nini?

Maswali. Polisi amwambie nini mtu anayemkamata, na kwa lugha gani? Saa 48 zikiisha, inakuwaje? Nani anakata hukumu?