Picha Yako, Bando la Mteja

Tuseme unatengeneza makochi pale Keko, Dar es Salaam, na kijana wako amekufungulia tovuti ndogo ya kuonyesha kazi. Umepiga picha 20 kwa simu, ukazipandisha zote kama zilivyo. Mteja wa Mbagala anafungua ukurasa, anasubiri, picha haziji, anaondoka. Kochi halina kosa. Kilichomkimbiza ni uzito wa picha.

Picha ya simu za siku hizi mara nyingi ina MB 3 hadi 5. MB, yaani megabaiti, ni kipimo kile kile cha bando. Picha 20 za MB 4 kila moja ni MB 80, na anayezilipia ni mteja, kabla hata hajakuuliza bei. Zikiandaliwa vizuri, kila moja inaweza kushuka hadi karibu KB 150 (KB 1,000 ni MB 1), zote pamoja MB 3 tu. Kwenye kioo cha simu ni vigumu kuona tofauti.

Inawezekanaje? Picha ya kidijitali ni nukta ndogo ndogo za rangi zilizopangwa kama vigae sakafuni. Kila nukta huitwa pikseli. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli kama 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo. Ukurasa hauhitaji zote hizo. Upana wa pikseli 1,200 unatosha kwa picha kubwa, na 400 kwa vile vipicha vya kwenye orodha. Zinazozidi hapo zinakula bando tu.

Kabla ya lolote, tengeneza nakala, ufanye kazi kwenye nakala. Kwa programu ya picha iliyomo kwenye simu yako, kata pembeni visivyohusika: ndoo, kamba ya nguo, miguu ya mpita njia. Nyoosha picha iliyolala upande, ongeza mwanga kidogo kama ilipigwa gizani. Picha iliyotikisika usihangaike nayo. Toa kochi nje asubuhi, jua halijawa kali, upige nyingine.

Sasa upunguzaji wenyewe. Fungua squoosh.app kwenye kivinjari, yaani programu unayoingilia intaneti. Ni bure, na picha haitumwi kokote. Kazi inafanyika humo humo kwenye simu au kompyuta yako. Weka picha, washa palipoandikwa Resize, andika upana 1200. Kimo kitajipanga chenyewe. Kisha shusha Quality, yaani ubora, hadi 75. Utaonyeshwa uzito mpya, na ule mstari wa katikati ukiusogeza utalinganisha picha ya kwanza na ya sasa. Kitambaa kikianza kuonyesha madoa ya mraba, rudisha ubora hadi 80. Ukiridhika, pakua. Kwa anayependa kufanya kazi kwenye kompyuta, kuna programu ya GIMP, nayo ni ya bure.

Je, uhifadhi kwa aina gani ya faili? Picha za kamera zihifadhi kama JPEG. Nembo na michoro yenye maandishi inafaa PNG, kwa sababu JPEG huchafua kingo za herufi. WebP, iliyotolewa na Google mwaka 2010, ni nyepesi kuliko JPEG na vivinjari vya sasa vinaifungua. Wenye iPhone waangalie: tangu 2017 simu hizo zinaweza kuhifadhi picha kwa aina iitwayo HEIC, ambayo vivinjari vingi haviifungui. Igeuze kuwa JPEG kwanza.

Jina la faili nalo libadilishe. IMG_4471 halimwambii mtu kitu, andika kochi-mninga-kijivu.jpg, herufi ndogo, vistari badala ya nafasi. Na pale tovuti inapokuomba maelezo ya picha, tafadhali usiruke. Mteja asiyeona hutumia programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, nayo itamsomea ulichoandika: "Kochi la watu watatu, mbao ya mninga, kitambaa cha kijivu." Ukiacha wazi, kwake pale hakuna kochi.

Jambo moja wengi hawalijui: simu inaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Kama ulipigia nyumbani, umempa mgeni ramani ya kwako. Ukipitisha picha kwenye Squoosh, taarifa hizo hubaki nyuma. Kwa picha zijazo, zima taarifa ya mahali kwenye mipangilio ya kamera.

Ukishapandisha, zima Wi-Fi, fungua ukurasa kwa bando, ikiwezekana kwenye simu ya bei ndogo, kwa sababu ndivyo wateja wako wengi watakavyoufungua.

Zile picha za mwanzo usizifute. Ukitaka kuchapisha kipeperushi, kiwanda cha uchapaji kwa kawaida huhitaji nukta 300 kwa kila inchi, na picha yako ya pikseli 1,200 itatoa inchi 4 tu, upana wa kiganja. Kuikuza hakurudishi kilichopunguzwa.