SOMO LA MABOGA: NGUVU YA MAJI YA MBOLEA NA TINDIKALI YA UDONGO

Chama cha msingi kinapobadili aina ya mbolea ghalani bila kuwaarifu wanachama, maboga huweza kuungua. Mwanachama aliyezoea salfeti ya amonia, yaani S.A., hupewa urea, naye huipima kwa kopo lake la zamani. Zote ni nyeupe, wala haoni sababu ya kuuliza. Lakini mfuko wa kilo 50 wa S.A. una kilo 10.5 za naitrojeni. Wa CAN yenye asilimia 26 una kilo 13. Wa urea una kilo 23.

Maji yenye mbolea kali huzuia mizizi kunywa. Mmea hunyauka ilhali udongo umelowa, kisha kingo za majani hukauka. Mkulima akidhani kwamba mmea una njaa, huongeza mbolea, na hapo hasara hukamilika. Shamba likifa, deni la pembejeo halifutiki daftarini.

Kwa maboga yaliyokwisha kushika, gramu 20 za urea katika ndoo ya lita 20 zatosha. Kwa S.A. zitahitajika gramu 44 ili kupata nguvu ileile. Kopo halifai kulinganishia, kwa kuwa urea ni nyepesi kuliko S.A.; katibu apime kwa mizani ya ghala, kisha atie alama kwenye kopo la kila mbolea. Shina moja lipewe lita 2 kwa juma, udongo ukiwa umekwisha kunyweshwa maji matupu, na majani yasiloweshwe. CAN huacha mashapo ndooni. Hayo ni chokaa, wala si dalili ya mbolea mbovu, kama wengine wanavyonung'unika. Matunda yakianza kukua, naitrojeni ipunguzwe, la sivyo shamba litajaa majani.

Jambo la pili ni tindikali. Maboga hupenda udongo wenye pH kati ya 6 na 6.8. Ieleweke kuwa pH 5 ina tindikali mara kumi zaidi ya pH 6. S.A. ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huzidisha tindikali: kilo 100 zake huhitaji takriban kilo 110 za chokaa ya kilimo kuituliza. Penye udongo mchachu, CAN ni afadhali.

Kabla ya kuagiza chokaa, udongo uchukuliwe mahali kumi au zaidi shambani, kina cha sentimeta 20, uchanganywe na kupelekwa kupimwa. Chokaa itiwe majuma kadhaa kabla ya kupanda. Isichanganywe kamwe na S.A. wala urea, kwani naitrojeni hupaa hewani. Harufu kali puani ndiyo fedha ya mwanachama inayopotea.

Katika ubao wa matangazo wa ghala, kila shehena inapofika, yaandikwe jina la mbolea, asilimia ya naitrojeni, na gramu za kutia katika ndoo moja.