BUIBUI, MBU NA AFYA YA FAMILIA



Wapenzi wasomaji, katika nyumba nyingi za kandokando ya ziwa, kuanzia Kirumba hadi Ukerewe, buibui akionekana ukutani hupigwa kandambili. Watoto wengine humkamata na kumfuga kwenye chupa. Mwezi huu tujifunze juu ya kiumbe huyu.

Anakula nini?
Chakula cha buibui ni wadudu walio hai. Huko Mbita, upande wa Kenya wa ziwa letu, wataalamu katika kituo cha ICIPE walimchunguza buibui mmoja mdogo arukaye, mwenye urefu wa nusu sentimeta hivi. Mwaka 2003 alipewa jina la kitaalamu Evarcha culicivora, yaani mla mbu. Mwaka 2005 walitangaza kwamba hupendelea mbu jike aliyeshiba damu. Yeye mwenyewe hanyonyi damu ya mtu. Huipata kwa kumla mbu. Mwaka 2011 walionyesha kuwa huvutwa hata na harufu ya soksi zilizovaliwa.

Anatunzwaje?
Wataalamu waliwalisha mbu pamoja na wale wadudu wa ziwani wapaao kama wingu la moshi. Mtoto anayefuga azingatie haya:

1. Kila buibui awe na chombo chake, maana wakiwekwa pamoja hulana.
2. Chombo kiwe na matundu madogo ya hewa, na pamba yenye unyevu ya kunywea.
3. Asipewe mdudu aliyepuliziwa dawa, wala mkubwa kuliko yeye.
4. Mabaki yatolewe kesho yake, kwani huoza na kuota ukungu.
5. Mikono inawiwe kwa sabuni.
6. Wale wakubwa wenye manyoya, wakaao mashimoni, wasishikwe. Huuma, na maumivu yake ni makali.

Je, buibui atatuondolea malaria?
Hapana. Mbu aliyeshiba damu amekwisha kumwuma mtu. Hata hivyo kifo chake kina faida: vijidudu vya malaria huhitaji siku kama 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza. Mbu akifa mapema, mnyororo hukatika. Lakini buibui wachache ukutani hawawezi kuwamaliza mbu wa kijiji kizima.

Kwa hiyo buibui mdogo wa ukutani tumwache afanye kazi yake, nasi tufanye yetu. Tulale ndani ya chandarua kila usiku, hasa watoto na akina mama wajawazito. Tufukie madimbwi na kumwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi. Mtoto akipata homa, apelekwe zahanati siku hiyohiyo akapimwe damu. Tusimpe vidonge vya kubahatisha.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya
- Je, kila mtoto wa Jumuiya yetu analala ndani ya chandarua kisichotoboka?
- Ni madimbwi gani tutakayofukia pamoja Jumamosi hii?