Amana ya Mkubwa wa Kazi, na Siku 132 Baina ya Ndege Mbili

Katika darasa letu la baada ya Magharibi, kijana mmoja afanyaye kazi ya kuandika programu za kompyuta mjini Nairobi alituuliza suala ambalo hatukuweza kulijibu usiku ule. Alisema: mkubwa wa kiwanda cha vyombo hivi vipya, akiambiwa na mafundi wake kwamba chombo kina ila, na huku chombo kimeshauzwa na watu wanakitumia, yampasa afanye nini, na atajuaje kwamba wakati wa kufanya umefika? Tuliona kuwa suala hili halifai kujibiwa kwa maneno ya jumla, kwani maneno ya jumla kila mtu huyakubali na hapana ayatendaye. Basi tumechagua jambo lililotokea, ambalo msiba wake umefika hata nchini mwetu, tulisome kipande kwa kipande.

Mwaka 2011 kampuni ya Boeing ya Marekani ilikuwa katika mashindano makali na kampuni ya Airbus ya Ulaya, iliyokwisha kutangaza ndege mpya itumiayo mafuta machache. Boeing haikutaka kuunda ndege nyingine tangu mwanzo, kazi ya miaka mingi na mali nyingi. Ikakata shauri kuichukua ndege yake ya zamani, 737, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967, na kuipa enjini kubwa zaidi. Ikaitwa 737 MAX. Enjini zile kwa ukubwa wake zilibidi kuwekwa mbele zaidi na juu zaidi, na kwa sababu hiyo pua ya ndege katika hali fulani ilipenda kuinuka kuliko itakiwavyo. Wahandisi wakatia programu ya kompyuta, jina lake MCAS, ya kuishusha pua bila ya rubani kuamrisha.

Mpaka hapo hatuoni lawama. Kukitengeneza cha zamani si aibu, na nusu ya vyombo vilivyopata kutia nanga Bandari ya Kale vilikuwa na mbao mpya juu ya mkuku wa zamani. Lawama yaanza pale programu hii ilipofanywa kusikiliza kipimo kimoja tu kilicho ubavuni mwa pua, hali ya kuwa ndege ilikuwa na vipimo viwili. Kipimo hicho kikisema uongo, programu huuamini na kuisukuma pua chini, na rubani akiinua, nayo husukuma tena. Mwaka 2012, katika mashine ya kuigia urushaji, rubani wa majaribio wa Boeing yenyewe alichukua zaidi ya sekunde 10 kuijibu, na hali hiyo akaiona kuwa ya maangamizi. Baadaye programu ikaongezwa nguvu zaidi ya mara nne. Na mwaka 2016 Boeing ikaomba, na idara ya usalama wa ndege ya Marekani iitwayo FAA ikakubali, kwamba MCAS isitajwe katika kitabu cha marubani.

Msomaji atauliza: watu wenye elimu kama hii walifikaje hapa? Jawabu, kwa maoni yetu, imo katika karatasi iliyotiwa sahihi mwishoni mwa mwaka 2011. Boeing ilimwahidi mnunuzi wake mkubwa, kampuni ya Southwest, kwamba marubani wa 737 ya zamani hawatahitaji kufunzwa upya katika mashine ya kuigia urushaji, na wakihitaji, Boeing itapunguza dola milioni 1 kwa kila ndege. Liangalieni sharti hilo vizuri. Tangu siku ile, kila muhandisi aliyetaka kusema kwamba programu hii ni jambo kubwa na marubani wafunzwe, neno lake lilikuwa na bei, na bei hiyo ilijulikana. Hapana aliyeambiwa aseme uongo. Ukweli tu ndio uliofanywa ghali.

Mfano wake ni nahodha anayemwahidi mwenye shehena kwamba atawahi kabla ya wenziwe wote, na asipowahi atakatwa nusu ya nauli. Usiku serahangi anakuja kumwambia maji ya ngama yamezidi, yataka watie nanga watazame kalafati. Nahodha huyu si mtu mbaya, wala hataki kuzama. Lakini sikio lake limeshauzwa tangu bandarini, na atakalolisikia katika maneno ya serahangi ni kuchelewa, silo maji. Kwa hiyo twamwambia kijana wetu: uamuzi mgumu wa mkubwa haungoji siku ya hatari. Hukatwa mapema, siku ya furaha, mkataba unapotiwa sahihi na watu wanapeana mikono.

Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ya Indonesia iliondoka Jakarta ikaanguka baharini, wakafa watu wote 189. Kipimo kilikuwa kimesema uongo. Boeing na FAA wakawapelekea marubani maagizo ya namna ya kuikabili hali hiyo, na maagizo yale ya kwanza hayakuitaja MCAS hata kwa jina. Boeing ikaanza kuitengeneza upya programu. Ndege zikaendelea kuruka.

Hapa ndipo penye moyo wa suala. Wakati ule hapana tena aliyeweza kusema hajui. FAA wenyewe walipiga hesabu, wakaona kwamba bila ya marekebisho huenda zikaanguka ndege kiasi ya 15 katika umri wote wa ndege za namna hii. Wakasema moyoni: marekebisho yako njiani, miezi michache itapita salama. Hesabu haikuwa ya kipumbavu. Ila yake ni kwamba walioipiga hawakuwa ndani ya ndege, na waliokuwa ndani ya ndege hawakuulizwa. Mtu ana haki ya kuibahatisha mali yake mwenyewe. Roho ya mwenziwe haina hukumu hiyo.

Siku 132 zilipita. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi, na baada ya dakika 6 ikaanguka karibu na Bishoftu, wakafa wote 157, na 32 katika hao walikuwa Wakenya. Rubani wa ndege hii maagizo alikuwa nayo. Siku tatu baadaye FAA ikaamuru ndege hizi zisiruke, wakati nchi nyingi zimeshazisimamisha, na hazikuruhusiwa tena Marekani mpaka Novemba 2020.

Wako wasemao kwamba marubani nao walikosea. Waliochunguza ajali ya Lion Air walitaja makosa mengi, pamoja na ya marubani na ya waliotengeneza kipimo, na hatukatai. Lakini chombo kinachotaka mtu asikosee hata mara moja, katika sekunde chache, kwa jambo ambalo kitabu chake kimelificha, hakikuundwa kwa ajili ya wanadamu.

Twataka pia kumtaja Ed Pierson, mmoja wa wasimamizi katika kiwanda cha Renton. Mwezi wa Juni 2018, kabla ya ajali zote mbili, alimwandikia mkubwa wa kazi ya 737 akimsihi asimamishe kiwanda, kwani mafundi walikuwa wamechoka na kazi inakwenda mbio. Shauri lake lilikuwa juu ya uundaji, si juu ya MCAS, nasi hatusemi kwamba lingeziokoa ndege hizi. Twamtaja kwa kuwa habari ilipanda hadi juu, na huko juu haikumsimamisha mtu. Wenye hisa baadaye walishitaki kwamba baraza la wakurugenzi halikuwa na kamati hata moja iliyopewa kazi ya kutazama usalama wa ndege. Mwaka 2021 hakimu wa Delaware akaruhusu kesi iendelee, ikamalizika kwa sulhu ya dola milioni 237.5. Kamati za hesabu na za mishahara zilikuwako.

Mkubwa wa Boeing, Dennis Muilenburg, aliondolewa Desemba 2019, naye akatoka na haki zake za kazi za kiasi ya dola milioni 62. Mwaka 2021 kampuni ikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 kwa shitaka la kuihadaa FAA, na katika hizo milioni 500 zikawa za jamaa za waliokufa. Ile dola milioni 1 kwa kila ndege, iliyoogopwa hivyo, msomaji aipime mwenyewe kando ya hizi.

Tulipofika hapa kijana wetu alisema kwamba yeye si mkubwa, ni mdogo kazini, na juu yake wako watu watano. Je, mdogo aliyesema na asisikilizwe, amekwisha kutoka katika dhima? Suala hilo ni zito kuliko la kwanza, nasi tumeliweka kwa darasa la Jumatano ijayo.