FUNDISHO: MAFUTA YA JUA YA BEI YA CHINI, YANAMUKINGA MTOTO?



Sokoni muuzaji anapunguza bei, anakuambia: «Mama, haya ni mafuta ya jua ya Ulaya, kamata mbili.» Unajiuliza: Yatamusaidia mtoto, ao ninapoteza franga zangu? Soma fundisho hili, kisha umusomee jirani asiyejua kusoma.

1. Ni mtoto gani anayehitaji mafuta haya?

Mtoto wa ngozi nyeusi iko na kinga ndani ya ngozi yake. Kwa maisha ya kila siku kofia na kivuli vinamutosha. Franga zako, nunua nazo maharagi na mayai.

Lakini mtoto mwenye ualbino hana ile rangi inayokinga. Jua linamuunguza upesi. Miaka ikipita, anapata madoa na vidonda visivyopona, na kidonda kinaweza kugeuka kansere. Kwake mafuta ya jua si urembo, ni dawa. Tena, hakuzaliwa hivi juu ya laana ao kosa la mama. Ni urithi uliotoka kwa baba na mama, wote wawili.

2. Bei ya chini ni ubaya?

Hapana. Bei haikingi ngozi. Kule Moshi, Tanzania, mafuta ya jua yaitwayo Kilisun yalitengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na kugawiwa bure, nayo ni mafuta mazuri. Ubaya ni kununua bila kuuliza: Juu ya nini bei imeshuka?

Mbele ya kulipa, angalia mambo haya:

– Hesabu. Karibu na herufi SPF ao FPS, tafuta 30 ao zaidi. Ukipaka vizuri, 30 inazuia karibu sehemu 97 kwa 100 za miale inayounguza. 50 inazuia karibu 98. Usilipe mara mbili juu ya tofauti hii ndogo.
– Herufi UVA. Zinaonyesha kwamba mafuta yanakinga pia na miale inayoingia ndani zaidi ya ngozi.
– Tarehe. Tafuta EXP. Kama imepita, acha. Kama imefutwa ao imefunikwa na karatasi ingine, acha.
– Pahali yalipokaa. Mafuta yaliyoanikwa juani juu ya meza kila siku yanaharibika hata mbele ya tarehe.
– Mafuta yenyewe. Kama maji yamejitenga, ao harufu imegeuka, acha.
– Neno «éclaircissant» ao «hydroquinone». Hayo ni mafuta ya kufanya ngozi kuwa nyeupe. Hayakingi jua, na yanaumiza mtoto.

Mafuta yaliyoharibika yanadanganya. Mama anafikiri mtoto amekingwa, anamuacha acheze juani muda murefu, na jioni ngozi imeungua.

3. Hata mafuta mazuri yanashindwa

Mama wengi wanapaka kidogo sana ili chupa ikawie. Lakini ukipaka nusu ya kipimo, hupati kinga iliyoandikwa. Kama chupa ya mililita 100 inamaliza miezi sita, jua kwamba unapaka kidogo.

Fanya hivi: Weka mistari miwili ya mafuta juu ya vidole viwili vya mtoto mwenyewe. Hicho ni kipimo cha uso na shingo. Usisahau masikio. Kwa kila mkono, rudia kipimo hicho. Paka karibu nusu saa mbele ya kutoka, na urudie kila saa mbili, tena kila mara akioga ao akitoka jasho nyingi.

4. Nguo ni mbele ya mafuta

Nguo haina tarehe ya mwisho. Mpe shati ya mikono mirefu ya kitambaa kizito, suruali ndefu ao kikwembe, na kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo. Toka saa 4 ya asubuhi mpaka saa 10 ya mchana, akae kivulini. Omba mwalimu wa masomo amuruhusu kuvaa kofia. Mafuta ni kwa sehemu ambazo nguo haifuniki.

Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita, umukinge kwa kivuli na nguo.

Sisi wa Bukavu, Goma na Butembo, baridi ya milima inatudanganya. Kwenye miinuko miale ya jua ina nguvu zaidi, na inapita hata katika mawingu.

5. Maulizo ya kujibu pamoja

a) Sokoni kuna mafuta ya SPF 50 ya bei ya chini, lakini tarehe imefutwa. Utanunua?
b) Kama huna franga za mafuta mwezi huu, utamukinga mtoto kwa nini?
c) Chupa yako ya sasa, EXP yake ni mwaka gani?

Siku ya kilo, leta chupa yako tuiangalie pamoja. Kama mtoto iko na kidonda kisichopona, usingoje siku ya kilo. Mulete kwa munganga mara moja. Kidonda kikitunzwa mapema, kinaweza kupona.